Kigae Cheupe

Tone la maji ya damu, tone la kitendanishi cha buluu.
Nakoroga kwa njiti, nakiyumbisha kigae
taratibu, kama mtu anayepepeta ulezi.
Dakika moja: chembe zinakusanyana,
maziwa yaliyoanza kukatika.
Miaka kumi na moja hapa Kiwira, nikiona hivyo
niliandika neno moja bila kuinua kalamu,
Taifodi,
na mtu akatoka na bahasha ya vidonge, ameridhika.
Ugonjwa wenye jina hauogopeshi.

Jumatano kaletwa Subilaga, binti Anyelwisye,
mgongoni mwa kaka yake,
mvua ikiwafuata hadi barazani.
Siku ya tisa.
Homa haikuja kwa kuruka; ilipanda ngazi,
kila jioni kidato kimoja.
Ulimi mweupe katikati, kingo nyekundu.
Tumbo limevimba, choo hakuna tangu Jumapili.
Na mapigo yanakwenda polepole,
kana kwamba moyo haujapewa habari za moto.

Kipimo cha malaria: mstari mmoja tu, wa juu.
"Si umpime ile ya matone?" mama yake akasema.
Nikampima. Chembe zikakusanyana.

"Mama, kigae hiki kinapima kumbukumbu.
Damu haimsahau mgeni aliyewahi kulala ndani yake;
ukiibishia hodi itamtaja,
hata kama aliondoka mwaka juzi."
Akanitazama kama mtu aliyeambiwa
mizani aliyopimiwa viazi miaka yote ina mkono wa mtu.
Na aliyemfundisha kukiamini kigae
ni mimi.

Akafungua fundo la kitenge: karatasi ya sipro,
vidonge kumi, vimebaki vinne.
"Muuza duka alisema siku tatu zinatosha."
Kalamu ya tabibu Lugano ikasimama hewani.
Sipro tumeigawa kama njugu za harusini,
wadudu wameizoea
kama mbuzi anavyozoea fimbo ya mtoto.

"Damu kwanza," akasema, "sindano baadaye."
Chupa mbili za mchuzi wa kuoteshea
nikazifunga kwa sweta langu, maana hazitaki barafu,
nikampa kondakta wa Kosta ya kwenda Mbeya
na namba ya simu ya maabara ya rufaa.
Kisha seftriaksoni, ya mshipani, kwa uzito wa mtoto:
kilo thelathini na moja. Lugano alihesabu mara mbili.

Alhamisi, thelathini na tisa na nusu.
Ijumaa, vilevile.
Baba akasimama mlangoni, kofia mkononi:
"Dawa yenu imelala."
"Haijalala, mzee. Homa iliyopanda kwa ngazi
hushuka kwa ngazi."
Lugano alisema hivyo kwa sauti tulivu,
halafu akaja maabara kuniuliza kama Mbeya wamepiga.

Jumapili usiku Subilaga akadai mbalaga,
akamgombeza kaka yake kwa kuchelewa kuzimenya.

Jumatatu Mbeya wakatuma picha.
Wadudu wameota sahani nzima.
Wameisogelea karatasi ya sipro hadi ukingoni,
wanaiegemea kama ng'ombe kwenye wigo mbovu.
Kwenye seftriaksoni, duara tupu.
Kwenye azithromaisini, duara tupu,
na hiyo ndiyo atakayomalizia nyumbani,
yote, hata akijisikia mzima wa kukimbia.

Usiku ule nikafungua rejesta ya mwaka jana.
Taifodi. Taifodi. Taifodi.
Mwandiko wangu mzuri, umenyooka.
Wangapi walikuwa wanakumbuka tu?
Na wangapi walikuwa nayo, nikawapa ile isiyofaa?
Rejesta haisemi. Nilifunga, nikafungua tena.

Asubuhi, wa kwanza kwenye benchi ni kijana wa bodaboda,
ufunguo kidoleni:
"Nataka kipimo cha taifodi, nina abiria."
"Kaa," namwambia. "Homa ilianza lini?
Jioni inakuwaje?"
Anapumua kwa nguvu, anaangalia pikipiki yake.

Dirishani, ndoo zimejipanga kwenye chemchemi,
hatua ishirini chini ya vyoo vya shule.